Anayegonga Ndani ya Injini

Jumatatu, 6 Julai 1953

Hendeli imezungushwa mara nne leo ndipo lori likawaka. Masanja anazungusha, mimi nimekaa ndani namtukana. Ndiyo kazi yangu siku hizi. Lilipowaka tu, likaanza. Ngo. Ngo. Ngo. Chini kabisa, upande wa kulia, kama mtu anabisha hodi kwa kifundo cha kidole na hana haraka ya kuondoka.

Nikauliza, "Nani?" Masanja hakucheka. Zamani angecheka.

Masanja ni mtoto wa Kulwa. Ana mke, watoto, leseni yenye muhuri wa serikali, na sura ya mtu aliyemeza jiwe. Hiyo sura alianza nayo kwenye mazishi ya baba yake.

Kulwa ni pacha wangu. Alikuwa. Alitangulia kutoka tumboni, akatangulia kuoa, akatangulia kuota mvi, na mwezi wa tano akatangulia tena. Mimi ni Doto, wa kufuata. Maisha yangu yote nimeingia kwenye milango aliyokwisha kuigonga yeye. Hata kwangu, ambako mlango ulikuwa pazia la gunia, alikuwa anagonga mwimo mara tatu kwanza. Mimi kwake niliingia tu kama mbuzi.

Siku moja baada ya kumzika, lori likaanza kugonga. Nimeliandika. Basi.

Jumanne, 7 Julai

Sikulala vizuri. Mama Holo, mke wangu, anasema napiga mateke. Nimemwambia nafanya mazoezi ya kumkimbia.

Mambo yalivyo ni haya. Lori hili tulilinunua mimi na Kulwa kwa ng'ombe wa nyumba zote mbili. Tukabaki na zizi la kufugia kunguru. Watu wa hapa Kharumwa walitucheka, ng'ombe hamsini kwa dude lisilozaa. Kulwa akawajibu kwamba linakunywa lakini halitafuni. Yeye alifanya mzaha mmoja kila miaka kumi, na huo ndio ulikuwa wake.

Sasa kila mwenye masikio anasema beringi ya ndani imekwisha. Tukiendelea hivi, siku moja kile chuma kinachosukuma pistoni kitakatika na kutoboa ubavu wa injini. Hapo tutakuwa na banda la kuku lenye magurudumu. Nyumba mbili, na mjane wa Kulwa, hazina kitu kingine. Na pamba ndiyo inatoka sasa hivi.

Nitaenda kuuliza bei kwa mafundi mbalimbali. Mimi sinunui ng'ombe wa kwanza ninayemwona mnadani.

Alhamisi, 9 Julai

Shinyanga. Jana tumekwenda polepole, leo tumerudi polepole. Inagonga njia nzima.

Mhindi mwenye gereji alichukua kijiti cha mti, ncha moja kwenye injini, ncha nyingine sikioni. Akafumba macho kama padri. Halafu akaniwekea na mimi kile kijiti. Afadhali asingefanya hivyo. Kupitia mti sauti inakuja karibu mno. Haikuwa tena kwenye lori. Ilikuwa kwenye mwimo wa mlango wangu.

Bei yake: shilingi elfu moja mia tatu na hamsini. Atashusha injini, atafungua kila kitu, mtaimbo wa ndani unaozungushwa na pistoni utapelekwa Mwanza kusagwa, beringi mpya, ringi mpya, valvu zitasuguliwa. Wiki tatu. Kwa bei za mnada huu ni kama ng'ombe kumi, na wanene.

Nikamwuliza, "Hiyo sauti, ukishatengeneza, inakwenda wapi?"

"Inakwisha, mzee. Wewe unalipia nini, kama siyo kwisha?"

Nikasema nitafikiri. Masanja naye njiani akasema ni ghali, na tena yule Mhindi atafungua kila kitu. Nikamwambia, "Ulitaka aitengeneze ikiwa imefungwa, kama kaburi?" Akakaza macho barabarani. Mikono yake ilibana usukani kama ananyonga kuku. Dereva hapaswi kushika usukani namna ile.

Jumamosi, 11 Julai

Nimeota tena. Kulwa amelala kwenye nyasi, miguu iko nje, anaivuta ndani, haiingii. Hakuniangalia. Nimeamka miguu yangu mwenyewe ya baridi.

Tulimzika vizuri. Hilo najua. Zizini, mahali pa mwenye mji, amefungwa kwenye ngozi ya dume jeusi kama baba yetu alivyofungwa. Padri alinung'unika, Kulwa alikuwa mbatizwa. Nikamwambia padri amvishe msalaba juu ya ngozi, nafasi ipo. Sasa kwa nini miguu?

Jumapili, 12 Julai

Misa. Nimesinzia. Mwanakwaya mmoja anapiga mguu chini kushika mwendo wa wimbo. Ngo, ngo, ngo. Nikatoka nje. Mama Holo anafikiri nilikwenda kukojoa. Acha afikiri hivyo.

Jumanne, 14 Julai

Geita. Fundi huyu zamani aliajiriwa mgodini, sasa ana banda lake nyuma ya nyumba na anafuga bata kwenye beseni la oili. Hao bata wataishi miaka mia.

Yeye hatengenezi, anabadilisha. Anayo injini ya lori lililopinduka, ameipaka rangi ya samawati. Shilingi mia nane, na sisi tunamwachia ya kwetu. Siku mbili tu. Mhindi kafa kwa bei hii.

Lakini mimi na rangi tunajuana. Kila nilichonunua kwa sababu ya rangi kilinivunja moyo, wakiwemo punda wawili na mchumba mmoja wa Nera.

Masanja ameruka kama amepewa mahari ya bure. "Tubadilishe, baba mdogo. Leo leo. Isifunguliwe, inyanyuliwe ilivyo, tuondoke." Niliona meno yake kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Nikamwuliza fundi ya kwetu ataifanyia nini. "Nitaivunja. Vyuma nitauza kwa wayeyushaji."

Sijui nieleze namna gani. Lilikuwa linawaka pale pembeni, linagonga. Nikaona watu wanamnyanyua Kulwa kwa mnyororo, anaachwa katikati ya bata.

Nikasema hapana. Masanja akapiga boneti kwa ngumi. Mbele ya watu.

Jumatano, 15 Julai

Bado nina hasira. Mtoto anataka kumwacha baba yake Geita ili apate shilingi za mabaki. Hiyo ndiyo tafsiri yangu na sibadilishi.

Mama Holo anasema, "Baba Holo, ni chuma." Najua ni chuma. Si kipofu. Ila jioni lilikuwa limezimwa, limeegeshwa, hakuna mtu, na nililisikia. Nikaenda kuweka mkono juu ya boneti. Ya baridi. Nikasema, "Ingia basi." Mzee mzima nimesimama uani nakaribisha lori ndani.

Alhamisi, 16 Julai

Nimepitia kwa mganga wa ng'ambo ya mto, kwa vile nauliza bei kila mahali nisimwonee mtu. Akapasua kuku, akasoma matumbo, akasema kuna mtu amepunjwa. Anataka mbuzi mweusi na shilingi ishirini.

Nikamwuliza kama bei hiyo ni pamoja na oili. Akanifukuza. Kuku akabaki naye. Hapo ndipo nilipojua nani amepunjwa.

Lakini neno lake limenifuata mpaka nyumbani.

Ijumaa, 17 Julai

Mama Masanja, mjane wa Kulwa, ameniita kwake. Hakunikaribisha kiti.

"Shemeji, nyumba yangu imebaki na lori nusu. Ukimaliza kuzunguka kama jogoo aliyekatwa kichwa, niambie umechagua fundi gani. Pamba haitakusubiri."

Nikafanya mzaha. Haukumwingia. Kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba mumewe anamjia ndotoni, analalamika blanketi ni fupi.

Sikumwambia ndoto yangu. Watu wawili, ndoto moja. Kulwa hakuwa mtu wa kulalamika. Kama analalamika, ni kweli.

Jumatatu, 20 Julai

Ushirombo. Tumepakia pamba ya watu kupeleka jineri kuchambuliwa, marobota hadi juu. Nimechukua mzigo kwa sababu ya Mama Masanja. Nitapeleka huu mmoja, kisha nitachagua fundi. Nimejiapia.

Tumelala kwa Minza, dada yake Masanja, aliyeolewa huku. Amepika vizuri, ana mkono wa mama yake. Wakati wa chakula akakumbuka siku ya mazishi, jinsi kaka yake alivyomfuata huku akiendesha kama mwendawazimu, na jinsi yeye mwenyewe alivyowahi kumtupia baba yake udongo. Ni kitinda mimba wa Kulwa. Asingewahi, tungemzika Kulwa bila yeye, na hilo lingemtafuna mpaka uzee.

Kisha akasema, "Na siku ile lori lilikuwa kama jipya kabisa, baba mdogo. Kimya. Hata kule kugonga alikokuhofia kaka hakukuwepo."

"Kwani kabla ya hapo lilikuwa linagonga?"

Masanja akainuka kwenda kuangalia tairi. Tairi lilikuwa zima. Nililiangalia mimi mwenyewe baadaye.

Hapa kuna kitu. Nanusa.

Jumanne, 21 Julai

Hatukufika.

Kabla ya Katoro sauti ikabadilika. Si hodi tena, mtu anavunja mlango. Lori zima linatetemeka, pamba inatetemeka, meno yangu yaliyobaki yanatetemeka. Nikapiga kelele, "Zima!" Masanja hakuzima. Macho mbele, jasho, mguu umekaza. Kama anayekimbizwa. Nikanyoosha mkono nikazima mwenyewe.

Kimya. Upepo tu. Masanja ameweka paji la uso kwenye usukani, analia bila sauti. Mwanamume mwenye leseni.

Nilimwonea huruma na nilimwogopa. Vyote viwili.

Mchungaji mmoja akatuazima maksai wake. Sita, kwa minyororo. Ng'ombe tulioacha kuwafuga kwa ajili ya lori, leo wametuvuta ndani ya lori hilo hilo kuingia Katoro, na wanawake wa sokoni wamepiga vigelegele. Mmoja akauliza kama tunalikamua. Siku nyingine ningempa jibu la kumlaza na njaa. Leo nimeshusha kofia machoni.

Maksai wametufikisha kwa Shomari. Sikumchagua. Hapakuwa na fundi mwingine.

Shomari ni Mzaramo. Alitengeneza magari ya jeshi wakati wa vita, akafuata dhahabu huku, hakuipata, akabaki. Wazaramo na sisi Wasukuma ni watani tangu babu zetu walipokuwa wanabeba pembe kwenda pwani na kuibiwa njiani. Nimemkwepa tangu msiba. Mtani kwenye msiba hana adabu, na mimi ndiye niliyezoea kukosa adabu.

Akatoka chini ya gari jingine, amejaa grisi, akanitazama kutoka chini hadi juu.

"Karibu, nusu."

Akafuta mikono kwenye suruali.

"Nimesikia mmoja wenu kafa. Yule mwenye akili, au wewe?"

"Mwenye akili."

"Hasara," akasema. Akanyakua kofia yangu kichwani, akaivaa. Mtani akichukua, hadaiwi. Kofia imekwenda.

Bei yake: shilingi mia sita. Hapeleki kitu Mwanza. Anayeyusha risasi ya beringi mwenyewe, anamimina, anakwangua kwa mkono mpaka inakaa. Siku saba au nane. Atakayesema ni rahisi mno aseme. Sina kofia na sina lori, nimekubali.

Jumatano, 22 Julai

Niandike taratibu. Mkono si mzuri leo.

Asubuhi Shomari amemwaga oili, amelala chini kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Masanja akaja akasimama mbele ya lori, mikono ameipanua. Akasema isifunguliwe. Tukaibadilishe Geita, atalipa yeye, atauza baiskeli, atauza shamba.

Nikamwambia asogee. Hakusogea. Nikamwita jina ambalo sitaliandika, namna ya kumwambia kwamba anauza mifupa ya baba yake. Hapo akakaa chini, kwenye grisi, akasema.

Siku ya mazishi, alfajiri, tukamtuma akamlete Minza. Lori lilikuwa limekufa beringi tangu jana yake, hakutuambia, tulikuwa na msiba. Lisingefika hata nusu ya njia. Madereva wanajua dawa ya kukufikisha nyumbani: unafungua chini, unazungushia kipande cha ngozi mahali pa beringi, unakaza. Watu hukata mkanda wa suruali. Yeye mkanda wake ulikuwa kamba. Watu wote walikuwa upande wa akina mama, kwenye kilio. Zizini kulikuwa na ngozi ya dume jeusi, imetandazwa, inamsubiri baba yake.

Akakata upande wa miguuni. Upana wa vidole vitatu.

Akaenda, akamleta dada yake, likawa kimya njia nzima. Tukamfunga Kulwa kwenye ngozi iliyopungua na hakuna aliyeona. Siku ya pili, lori likagonga.

"Ananidai, baba mdogo. Kila nikiwasha ananidai. Nikasema injini iende, iende ikavunjwe, nisisikie."

Miezi miwili ameendesha hivyo. Mimi pembeni yake nauliza "Nani?" na kungoja acheke.

Nimetaka kucheka. Imetoka sauti nyingine.

Alhamisi, 23 Julai

Jana sikumaliza.

Shomari alikuwa ameweka spana chini, anasikiliza. Akasema tusiguse. Kitu cha marehemu kilichoharibika hakishikwi na mtu wa nyumba, anashika mtani. Hilo hata mimi nilisahau. Mhindi angekitoa kwa koleo akakitupa kwenye pipa. Wa Geita angekiyeyusha pamoja na vyuma. Bei zao hazikuwa na kitu hiki ndani yake.

Akafungua. Akatoa kwa vidole. Kipande cheusi, kimekauka, kimeungua kama nyama iliyosahauliwa jikoni, kirefu kama ulimi. Nywele chache za dume bado zilikuwepo ukingoni. Akavua kofia yangu, akakilaza ndani.

Nikasema, kwa ajili ya Masanja, "Basi ilikuwa ngozi tu. Imekwisha, ikagonga."

"Ngozi tu," akasema Shomari. "Ya nani?"

Halafu akarudi chini ya lori, chali, miguu inaonekana nje. Akachukua spana, akagonga chini ya injini. Ngo, ngo, ngo. Akasafisha koo vile vile alivyosafisha Kulwa, kile kikohozi cha mwenyekiti wa baraza. "Doto! We Doto! Toeni huo upuuzi wenu miguuni kwangu, nina baridi. Na huyo mtoto mwacheni, alikuwa anamfuata binti yangu. Wewe ungemfuata kwa lipi, kwa mdomo?"

Masanja akacheka. Akacheka mpaka akatapika, kama mgonjwa anayeshukwa na homa. Na mimi pia. Kwa msiba wote sikucheka hivyo, na sikulia hivyo.

Nikamwuliza Shomari baadaye nani alimwambia habari ya baridi ya miguu. Akasema ulimi ulimwendea tu. Sikumwambia mimi. Masanja hakuijua ndoto. Nimeacha kuuliza.

Jumapili, 26 Julai

Hakuna Misa hapa ya kusinzia. Nimesinzia bila Misa.

Pamba ya watu imeondoka kwa lori la Mwarabu. Nusu ya nauli imekwenda naye. Sawa.

Jumatatu, 27 Julai

Shomari amemimina risasi, imepoa, imepasuka. Moto ulikuwa mdogo. Ametukana lugha tano, mbili ni za Wazungu. Anaanza upya kesho. Nimemwambia Mhindi asingepasua. Akasema Mhindi angenitoza na machozi.

Najua pia ninachoogopa, na bora nikiandike. Hii ikitengenezwa itanyamaza. Nimezunguka Shinyanga na Geita kutafuta bei, kumbe kila fundi niliyemkataa nilimkataa kwa sababu anajua kazi.

Jumamosi, 1 Agosti

Limewaka. Hendeli mara moja.

Hakuna anayegonga. Linanguruma kama paka wa padri. Masanja amefungua boneti, amefunga, amefungua. Shomari amesimama na kofia yangu kichwani, anangoja sifa. Nikamwambia kwa Mzaramo si vibaya.

Nimekaa pembeni ya dereva, nimetega sikio. Nikakohoa. Nikauliza kimoyomoyo. Hakuna.

Ni vibaya kuliko nilivyodhani. Tangu tumboni mwa mama yetu sijawahi kuwa peke yangu mahali.

Jumatatu, 3 Agosti

Kharumwa. Tumefika jana, Shomari nyuma, amekaa juu ya magunia kama DC.

Mama Masanja tulimwambia yote kabla ya jua kupanda. Masanja alimwambia mwenyewe, amepiga magoti. Nilidhani atampiga. Akamwuliza, "Minza alimwona baba yake?" Masanja akasema alimwona. Mama akasema, "Haya. Inuka, utachafua suruali."

Zizini, Shomari alichimba upande wa miguu, si kina kirefu, kiasi cha mkono. Akalaza kile kipande. Akamiminia pombe, akaonja kwanza, kwa usalama wa marehemu, anasema. Akamwambia Kulwa, "Shika blanketi lako, Msukuma mchoyo wewe, umetusumbua watu na kazi zetu." Mama Masanja akacheka mkono mdomoni, kisha khanga ikaenda machoni.

Akadai jogoo. Amepewa. Akadai na kuku jike ili jogoo asiwe mpweke. Amepewa. Nikaona anamtazama mbuzi, nikamwambia lori linaondoka.

Kofia hakurudisha. Siidai. Sitaki kuivaa tena kichwani kwangu ile.

Jumanne, 4 Agosti

Nimelala. Sikuota. Mama Masanja nilimwona kisimani, hakusema kitu juu ya usiku wake. Sikumwuliza.

Ijumaa, 7 Agosti

Pamba ya kwanza tangu matengenezo. Kutoka kwetu hadi Shinyanga, jineri.

Shomari ametuagiza beringi mpya iendeshwe polepole mpaka izoeane na chuma chake. Wiki mbili za mwendo wa mgonjwa, hata kama barabara ni nzuri, hata kama nyuma wanapiga honi. Masanja anatii kama amri ya mahakama. Baiskeli zimetupita. Mama mmoja mwenye mtungi kichwani ametupita kwenye kilima, akatuaga.

Nikampungia mkono.

Asubuhi ilikuwa ya baridi, vumbi jeupe, watu wanachoma mabua mashambani. Masanja alianza kuimba kidogo, wimbo wa kulima. Anaimba vibaya. Mkono wake kwenye usukani umetulia.

Mimi nilikuwa nimetega sikio, kwa mazoea. Nilikaa hivyo mpaka karibu na mto. Kisha sijui.

Tulipofika nikaamka jineri, pamba inashushwa, shingo inauma. Masanja amenifunika koti lake. Anasema nilikoroma njia nzima.